Sifa za Fomu ya Kuombea Stima

Simba ameshasifiwa vya kutosha, na mashujaa wana watu wao. Mimi leo nasimama kuisifu isiyo na msemaji: fomu ya kuombea umeme wa kituo cha kuchajia magari. Sisemi ni ya ofisi gani, maana ukoo wake ni mkubwa, una matawi Nairobi, London na California, na sitaki kuonekana nina upendeleo.

Tuanze na nasaba. Baba yake ni Tahadhari, mzee wa heshima. Transfoma ya mtaani ya kVA 100 tayari imebeba friji, pasi na mashine za kinyozi. Ifungie chaja moja ya kasi ya kilowati 60, iwashwe saa mbili usiku wakati kila nyumba ina taa na televisheni, nayo itaanza kulemewa. Ongeza ya pili, na mtaa mzima utalala gizani. Anayeuliza kabla ya kuunganisha waya ana akili zake timamu. Mama yake ni Muhuri, na fomu imefuata upande wa mama.

Tazama uadilifu wake. Kijana mwenye kibanda cha mabati anayetaka kubadilishia bodaboda betri, na kampuni inayotaka kuchaji mabasi kwa makumi, wote hujaza kurasa zilezile na kuambatisha hati ya kiwanja, PIN ya kodi, cheti cha fundi wa stima na mchoro wa eneo. Mchoro ukisahau mwembe wa jirani, unarudishwa. Kwenye “Aina ya matumizi” kuna visanduku vinne: nyumba, duka, kiwanda, nyinginezo.

“Ni duka?” karani anauliza.

“Tunauza stima.”

“Basi wewe ni sisi. Weka nyinginezo.”

Fomu pia hufundisha subira. Mstahimilivu hula mbivu, walisema wahenga. Nani atalipa kodi ya kiwanja wakati zinaiva, hawakusema. Chaja imeshafika, ingali kwenye katoni chini ya turubai, na kuku wa jirani anaatamia mayai juu yake. Vifaranga watatotolewa kabla sarvea hajaja kuitazama nguzo.

Wanaosema inakwamisha biashara hawajamwona mwuza jenereta anavyonawiri. Kituo kimepakwa rangi ya kijani, kibao kimeandikwa “Safari Bila Moshi”, na nyuma ya ukuta dizeli inanguruma ili gari la umeme lipate chaji. Ni sera gani nyingine imewahi kuwapatanisha mahasimu hawa wawili?

Lakini kipaji chake kikubwa ni hesabu. Una chaja nne za kilowati 60? Nne mara sitini ni 240, kwa hiyo lipia transfoma yako mwenyewe ya kVA 315. Ukijitetea kwamba chaja zako zina programu ya kugawana mzigo, kwamba zote nne pamoja hazitavuka kiwango utakachopewa, fomu hukusikiliza kwa adabu. Haina sanduku la kuandikia hayo.

Wala haina sanduku la saa. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti kabla ya tozo, na 8 saa za mahitaji madogo. Mwaka huohuo EPRA, mdhibiti wa nishati, ikatoa mwongozo wa vituo vya kuchajia na kubadilishia betri. Usiku nchi ikilala, visima vya mvuke wa kuzalishia umeme vya Olkaria havilali. Mvuke mwingine huachiwa uende zake hewani kwa kukosa mtumiaji. Bili inajua tofauti ya saa mbili usiku na saa nane usiku. Fomu haijashuka kiasi hicho. Kwake saa zote ni sawa.

Sasa wamezuka wachochezi wanaotaka kuirahisisha. Wanataka ramani ya wazi inayoonyesha ni wapi kwenye gridi pana nafasi, kama ramani zinazochapishwa Uingereza na California, ili mtu asikodi kiwanja mahali pasipo na umeme wa kutosha. Wanataka kibanda cha betri kipite njia fupi, na bohari ya mabasi ipite ndefu. Wanataka anayekubali kupunguza mzigo jioni aunganishwe mapema bila kungoja laini mpya. Na, jeuri iliyoje, wanataka ofisi nayo ipewe tarehe ya mwisho ya kujibu!

Nawaonya. Mkiwasikiliza hawa, fomu itabaki ukurasa mmoja wenye maswali matatu: wapi, kiasi gani, saa ngapi. Mihuri itakauka. Na mabwana walio nyuma ya dirisha, masikini, itabidi wavae kofia ngumu, watoke juani, wakapime ile transfoma ambayo faili zote hizi zinaihusu na ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.