Ombi la Kuitambua Pikipiki Kuwa Farasi

Kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUITAMBUA PIKIPIKI KUWA FARASI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni abiria wa bodaboda, mkazi wa Dongobesh, Mbulu. Farasi huku hatuna. Tuna punda na pikipiki, na kati ya hao wawili mwenye bahati ni punda. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamkinga na mzigo unaomzidi nguvu. Pikipiki ikibeba mishkaki, yaani baba, watoto watatu na jogoo kwa mpigo, tunaambiana tu tushikane vizuri.

Nimeandika baada ya kusoma sheria za Waingereza za mwaka 1964 na 1970 kuhusu shule za kupanda farasi. Farasi wa miaka 3 kurudi chini hakodishwi. Jike akizaa, anapumzika miezi 3. Shule inakaguliwa na daktari wa mifugo, na lazima iwe na bima. Nilishikwa na wivu, tena si kwa mwanafunzi, kwa farasi.

Shule yetu sisi ni uwanja wa mpira. Mpwa wangu alihitimu hapo Jumamosi moja, kati ya saa tisa na magharibi. Mwalimu wake, mhitimu wa uwanja huohuo, alikaa juu ya dumu akitafuna muwa, akamaliza mtaala bila kusimama: "Kamata klachi, ingiza moja, achia." Kijana akaachia. Pikipiki ikanyanyua tairi la mbele kama farasi wa kwenye sanamu, ikamwaga mtu nyasini, ikaenda yenyewe hadi golini. Watu wakashangilia bao. Kofia ngumu ilikuwepo, msije mkadhani vingine. Ilining'inia kwenye usukani, kwa kuwa yetu huvaliwa trafiki akionekana. Jumatatu kijana alikuwa kijiweni. Abiria wake wa kwanza: mama, mtoto mgongoni, na gunia la vitunguu saumu vya Bashay.

Leseni anaitaka. Ila bosi naye anataka hesabu kila jioni, na hesabu haimsubiri mtu atoke chuo. Halafu mwaka 2021 Serikali ilituonea huruma, ikashusha faini ya bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Tangu hapo kosa ni rahisi kuliko kofia ya maana.

Basi naomba pikipiki iwe farasi kisheria. Afisa mifugo wa kata akague breki kama anavyokagua kwato. Dereva ambaye hajatimiza hata wiki tangu azaliwe pale uwanjani asikodishwe, kama mwana-farasi wa Uingereza. Na mishkaki ibaki kuwa nyama, ambayo tayari iko chini yenu.

Mkiona ombi hili ni zito, ninalo dogo: niandikisheni mimi abiria kuwa punda, nami niingie kwenye ile sheria ya 2008. Sifa ninazo. Nabeba dumu, nala majani, na nikizidishiwa mzigo huwa sisemi kitu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa Katikati,
Dongobesh.

Nakala: Punda wa jirani (aione kwenye jalada).