Barua ya wazi kwa Mamlaka Husika

Kwa Mheshimiwa Mamlaka Husika,
Popote Ulipo,
Dar es Salaam.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUKINGA NA RAHA ZA JIONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo Mheshimiwa, kama umri wako unaidai. Hatujawahi kuonana, lakini silali bila kulisikia jina lako. Mtaro ukiziba, diwani anasema mamlaka husika imeshaarifiwa. Taa za barabarani zikifa, mwenyekiti wa mtaa anaiomba mamlaka husika ilione hilo. Muziki ukizidi, jirani anaitaka mamlaka husika ichukue hatua, na hapo, kwa kweli, huwa unafika. Nilitaka kukuletea barua hii mkononi, lakini kila dirisha nililosimama nilielekezwa la jirani. Nimeona niiweke hadharani. Anayehusika na kila kitu haiwezi kumpita.

Naandika kushukuru. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Hebu fikiria umati huo umetoka kazini, jua limezama, joto limepungua, upepo wa bahari umeanza, na mfukoni mna elfu kumi ambayo bado haijapangiwa matumizi. Watu wa namna hiyo wanaweza kufanya lolote. Wanaweza hata kufurahi. Kwamba wengi wao huishia kwenye foleni ya Ubungo wakitazama taa nyekundu za gari la mbele, wakafika nyumbani hawana hamu ila ya kitanda, hilo haliwezi kuwa bahati mbaya. Lazima kuna mtu alikaa akapanga.

Kwenye sanaa umefanya kazi nzuri mno. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert hufunga milango jioni ile ile ambayo mwananchi ndiyo kwanza anatafuta daladala. Ndiyo maana ukiingia mle utakuta watalii, na wanafunzi wenye sare waliopangwa mstari. Mle ndani limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Sina wasiwasi naye. Aliyesubiri muda wote huo hashindwi kuningoja hadi nipate likizo.

Sinema nazo ziliondoka kimyakimya, hata kilio hakikusikika. Wazee wetu walikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo na New Chox. Mtu anaoga, anapiga pasi shati, anampitia mchumba, wanakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, njia nzima wakibishana kama yule shujaa alistahili kufa. Mwaka 1966 ikafunguliwa sinema ya magari pale Msasani, familia nzima inaingia na gari moja, watoto nyuma, chakula mapajani. Kiwanja kile leo kina ubalozi wa Marekani. Zamani Wamarekani tuliwatazama pale pale kwa bei ya tiketi. Siku hizi tunakwenda kuomba viza; ada imepanda, onyesho ni fupi, na hakuna bisi.

Sasa, Mheshimiwa, niruhusu nikutahadharishe kuhusu faili lako la zamani, maana likiangukia mikono mibaya utaaibika. Humo mna ushahidi kwamba wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa dansi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi, nayo ikawa inabadili jina kila chama kilipobadili jina, Juwata, Ottu, mpaka watu wakachoka kufuatilia wakabaki na Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na Polisi Jazz. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilikuwa na Kimulimuli, na jeshi la ulinzi, JWTZ, likawa na Mwenge Jazz. Shirika la mabasi, UDA, lilikuwa na bendi. Shirika la Bima la Taifa, watu wa tai na mikoba, walikuwa na Bima Lee. Jiji lenyewe ndilo lililokuwa limezidi: kupitia shirika lake la maendeleo, DDC, lilimiliki kumbi za starehe, kisha likaichukua Mlimani Park Orchestra, ile iliyozaliwa 1978, Sikinde ngoma ya ukae. Mpiga gitaa la besi alikuwa mwajiriwa, ana mshahara mwisho wa mwezi, na gitaa lenyewe ni mali ya mwajiri. Mji uligawanyika Msondo na Sikinde kama ulivyogawanyika Simba na Yanga. Na polisi akiingia ukumbini saa tano usiku, watu hawakukimbia. Walitazama kama amekuja na saksafoni.

Jaribu kueleza hilo mbele ya kamati yoyote leo. Shirika la umma linanunua tarumbeta! Mkaguzi wa hesabu angezimia.

Nashukuru umepona. Siku hizi ukija ukumbini unakuja na mashine ya kupima sauti. (Nisieleweke vibaya. Aliyepanga chumba ukuta mmoja na baa, ana mtoto mchanga, na baa imeelekeza spika sita dirishani kwake, ana haki ya kukuita, na mimi nitamsindikiza. Ninachokistaajabia ni kwamba kwenye ratiba yako ya kazi mna kupima, kutoza na kufunga, halafu ukurasa unaisha. Ukumbi ambamo wanamuziki wangepiga hadi alfajiri bila kumwamsha mtu, ule ambao hapo zamani ungejengwa na shirika lako mwenyewe, haumo.)

Wakati huo huo vijana wa uswahilini walikaa na kompyuta za mitumba, wakaikimbiza ngoma kasi ambayo moyo wa mtu mzima haushauriwi kuifuata, ikawa singeli. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo wao, Sounds of Sisso, na tangu hapo wamekuwa wakialikwa kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Wazungu wananunua tiketi, wanapanga foleni kwenye baridi, wanatoka jasho. Huku kwetu singeli ikianza Tandale, mtu anakupigia simu. Umetusaidia sana hapo: raha imekuwa bidhaa ya kuuza nje, kama korosho, na sisi tunabaki na maganda.

Nisisahau tumbo. Kuna meza moja ya pweza, sitasema mtaa gani, nisije nikawa nimekurahisishia kazi. Ni meza ya mbao yenye upana wa mlango, taa moja ya kuchaji imening'inizwa kwenye tawi, sufuria ya supu inafuka pembeni. Pweza amechemshwa hadi amekuwa na rangi ya zambarau, amekatwa vipande, vile vya mkononi vyenye vinundu vimetengwa upande wake kwa sababu bei yake si moja. Unachukua kijiti, unachoma kipande, unachovya kwenye pilipili ya ukwaju, unatafuna umesimama. Muuzaji anaongea na watu wanne kwa mpigo, haandiki popote, lakini ukimaliza anakwambia umekula vingapi, na huwezi kubisha kwa sababu ni kweli. Kisha supu kwenye kikombe, na ndimu. Wanaume huimaliza hadi tone la mwisho, kwa sababu ambazo barua ya kiofisi haiwezi kuzitaja. Mwanasheria anasimama bega kwa bega na mpiga debe. Nadhani hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Jioni moja alifika mgambo. Alikula vipande vyake taratibu, akanywa supu, akafuta mdomo kwa mkono, ndipo akakumbuka kwamba meza ile haina kibali na inaziba njia ya watembea kwa miguu. Ilibebwa na sufuria yake. Njia ikabaki wazi, na tangu siku hiyo bodaboda wanaitumia bila usumbufu.

Pweza tuliyenyang'anywa barabarani bado anapatikana, sisemi hapatikani. Yuko Masaki, nyuma ya ukuta na mlinzi wa getini. Ni pweza yule yule aliyepigwa mnada soko la samaki la Feri asubuhi, ila sasa amelazwa kwenye sahani kubwa kuliko yeye, amewekewa jani juu, na bei yake imeandikwa bila neno shilingi ili usishtuke. Pale hujawahi kufika na mashine wala mgambo. Kama umefika, basi ulifika kula.

Hata hivyo kuna uamuzi wako mmoja umenichanganya. Mwaka 2025 ulitangaza kwamba Kariakoo ifanye biashara saa 24. Vizuri kabisa. Kwa hiyo ndoo ya plastiki naweza kuinunua saa tisa usiku kwa amani, tena chini ya taa na ulinzi. Nikitaka kusikiliza wimbo mmoja saa hiyo hiyo, mtaa huo huo, nimevunja amani. Nimejaribu kufikiri ni nini kilicho ndani ya ndoo ambacho hakimo ndani ya wimbo. Labda risiti.

Ningependa pia kukuonya usipande boti ya kwenda Unguja. Ni kama saa mbili tu, lakini utarudi umeharibika. Pale Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo, kila jioni wachuuzi wanapanga meza zao mbele ya bahari: urojo, mishikaki, juisi ya miwa yenye tangawizi. Pana taa. Pana pa kukaa. Watoto wa mji wanaruka baharini kutoka ukutani, bibi kizee amekaa na kikombe chake, mtalii anapigiwa bei ya kitalii, na hakuna anayeondolewa ili bustani ipendeze. Ukitazama vile unaweza kupata wazo, na ofisini kwako sijui kama kuna dawa yake.

Ombi langu ni moja, umalizie kazi. Jioni ifutwe kisheria. Saa kumi na moja ikigonga, tuhamie moja kwa moja saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata, na ile katikati ikodishwe kwa mwekezaji.

Endapo bajeti haitaruhusu, basi tuvumilie hatua za muda. Makumbusho yabaki wazi jioni moja kwa wiki, Ijumaa, mpaka saa tatu. Meza za pweza zipewe kona yenye bomba la maji, choo na taa, na kibali kinachotolewa dirisha moja, siku moja, kwa bei ambayo muuza pweza anaweza kuilipa kwa pweza wa siku moja. Mabasi ya mwendokasi, ambayo tangu 2016 yanatutoa Kimara na kutufikisha Kivukoni, yawe na moja la saa nane usiku, kwa ajili ya waliotoka dansini, ili wasianze kubishana na bodaboda anayewaambia, "Bosi, usiku bei yake ni nyingine." Na kama kwenye stoo ya shirika lolote bado kuna saksafoni, naomba itafutwe. Hata kama ina kutu.



Wako mtiifu,
Mkazi wa Dar es Salaam, asiyelala mapema.

Nakala: Mwenyekiti wa mtaa. Ndugu Mwenyekiti, usihangaike kunijibu kwamba hili si jukumu lako. Nimeshakuelewa.