Kaa na Karatasi ya Herufi 21

Kichuguu kimoja kilikuwa na kitabu cha amri kisichotoka chumba cha ndani. Makarani walinakili ukurasa mmoja mmoja, Kasuku akapeleka nakala uani, mafundi wakajenga walivyoandikiwa. Siku moja mende akala ukingo wa ukurasa wa "Jengeni, kisha pumzikeni". Likabaki "Jengeni". Mchwa wakajenga usiku na mchana hadi kichuguu kikaziba njia ya majirani.

Baraza likaketi. Fisi akashauri kichomwe chote, wema na wabaya. Ndio ushauri wake wa kila mwaka. Sungura akasimama, akakohoa kisomi. Wamarekani wawili, Fire na Mello, alisema, waliwatia minyoo RNA ya nyuzi mbili, jeni ikanyamaza. Wakaandika habari hiyo 1998, wakapata Nobel 2006. Yeye analo toleo fupi: kikaratasi cha herufi 21 atakachomkabidhi Kaa. Kitabu hakiguswi. Kaa anashika kikaratasi kwa gado moja, na kila nakala inayooana nacho anaikata kwa gado la pili. Fundi asipopata amri atajenga nini? (Ujenzi usiopumzika ndio saratani, na saratani kwa Kiarabu ndiye kaa huyo huyo; safari hii yuko upande wetu.)

"Nimejaribu kwenye kisahani," Sungura akatamba. "Siku ya pili, mchwa kimya!"

"Mjukuu wangu," akauliza Kobe, "na kile kisahani cha pili, ulichotia kikaratasi cha herufi zilizovurugwa?"

Sungura akajikuna sikio. "Nacho, babu... nacho kilinyamaza kidogo."

Baraza likacheka hadi Kasuku akaanguka tawini. Ikabidi Sungura achague herufi upya, maana zile za kwanza zilikuwa zikikata hata amri ya kupika.

Za pili zilikuwa safi kisahanini. Vikaratasi vikatumwa kichuguuni kwenyewe. Vilivyokwenda uchi vikaliwa na siafu njiani, vingine vikasombwa na Mto Figo. Vilivyofungwa kwenye mafuta vilifika salama, lakini karibu vyote nyumbani kwa Mzee Ini, ambaye hupokea kila mgeni, awe amemwalika au la. Kichuguuni vikafika viwili vitatu. Baada ya siku chache vikachakaa, nyundo zikaanza tena.

Nje ya hadithi, mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya vikaratasi vya namna hii, patisiran. Si ya saratani. Ni ya ugonjwa wa protini inayotengenezwa kwa Mzee Ini.