Mwaka wa Antena

Shule za Msumbiji zilifungwa tarehe 23 Machi 2020 kwa ajili ya korona. Siku hiyohiyo wapiganaji waasi waliingia mji wa Mocímboa da Praia, mkoani kwetu Cabo Delgado, na haikupita muda dada yangu aliyeishi huko akatufikia mjini Palma na wanawe, kila mmoja na kifurushi chake kichwani. Nyumba ya vyumba viwili ikawa ya watu kumi na mmoja. Redio ikisema tusisogeleane, sisi tunalala mzungu wa nne. Na korona haikuwa mbali: mwezi wa Aprili wagonjwa wengi waliothibitishwa nchini walitoka kambi ya gesi ya Afungi, hapahapa kwetu.

Watoto wadogo walijichezea. Walionikosesha usingizi ni wawili: mwanangu wa miaka 16, aliyekuwa darasa la 10, mwaka wa mtihani, na binti wa dada, miaka 15. Kijana alilala mchana, akakesha usiku. Ukimwekea wali anageuzageuza tonge tu. Binti, bati la mlango likipigwa na upepo, anajikunyata nyuma ya pipa la maji. Bibi yao akasema ni uvivu. Kisha mjomba mmoja akaleta posa ya yule binti, eti midomo ipungue nyumbani. Dada akakataa katakata. "Kaka, huyu bado mtoto," alimwambia, "na sheria ya 2019 imekataza kuoza aliye chini ya miaka 18."

Masomo yakawa yanatolewa kwa televisheni, kwa Kireno. Televisheni yetu ndogo ilionyesha chenga tupu. Basi jioni moja kijana akauchukua mlingoti wa ngalawa ya babu yake, akafunga antena kileleni kwa mshipi wa kuvulia, akapanda paa la makuti la jikoni. Fito zikakatika. Mlingoti ukaangukia paneli ya sola, kioo chote kikapasuka. Kijana akashuka na makuti yake mpaka kando ya mafiga, chungu cha mchuzi wa papa kikapinduka, moto ukazimika. Tukamtoa amejaa masizi, kifundo cha mkono kimeteguka.

Mume wangu alifoka, kwani taa na simu zote zilitegemea sola ile. Kijana akajibu taratibu: "Baba, ng'ambo ya Ruvuma wenzetu wamerudi shule. Mimi nitakaa hivi mpaka lini?" Akalia mbele ya watu wote. Ni kweli, Tanzania ilikuwa imefungua shule zake tarehe 29 Juni. Katika giza lile binti naye akafungua mdomo: kila akifumba macho anasikia risasi. Miezi yote tuliishi nao chumba kimoja, na hayo hatukuwahi kuyasikia. Bibi akamvuta kifuani, neno la uvivu likaishia hapo.

Mkandaji alimkanda kijana mkono, ukapona. La moyoni lilitaka muda zaidi. Babu akamkalisha pwani kushona nyavu, awe na kazi na wenzake wa kuzungumza nao. Binti akapewa wadogo awafundishe herufi chini ya mwembe kila asubuhi. Usiku hatukulala bila kuulizana habari za siku. Polepole kijana akaanza kumaliza sahani, na binti akaacha kukimbilia pipa.

Machi 2021 mwaka mpya wa masomo ukaanza, na tarehe 24 ya mwezi huo Palma nayo ikashambuliwa. Tulifika Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, kwa mashua, tukapokelewa na watu wa mtaa wa Paquitequete ambao nyumba zao zilikuwa zimeshajaa wageni kama sisi. Vyombo vilibaki Palma. Kuulizana tulihama nako.

Shirika la Afya Duniani linasema magonjwa mengi ya akili huanza katika umri huu wa ujana. Korona ilipowafungia vijana shule iliwanyima marafiki, ratiba na mwalimu wa kuwatazama, na kwetu Cabo Delgado vita vikaongezea hofu. Mzazi mwenzangu, kijana anayelala mchana kutwa usimwite mvivu kabla hujamsikiliza. Kaa naye, muulize, na akikuambia hasikii usingizi kwa hofu, mpeleke kwa mhudumu wa afya kama ungempeleka mwenye homa.