Msokoto Usiosokotwa

Mpwa wangu kanicheka mpaka akakaa chini. Tulikuwa barazani, ghorofa ya 11 hapa Toronto, baridi nyuzi 10 chini ya sifuri, nami nimevua glavu kwa sababu na glavu husokoti. Karatasi yenyewe nyembamba kama ganda la kitunguu. Upepo ukaja, ukaichukua pamoja na nusu gramu ya bangi yangu halali, vikaelekea ziwani.

"Mjomba, si ununue koni? Zimeshasokotwa, wewe unajaza tu."

Tangu 17 Oktoba 2018 Kanada inaniruhusu, mtu mzima mimi, nitembee na gramu 30 mfukoni na nipande miche minne nyumbani. (Kwetu Tanga ni jela, kwa hiyo shangazi zangu msome haraka mpite.) Sheria imetaja kila kitu isipokuwa namna ya kusokota.

Na karatasi nilizijaribu kwa moyo safi. Dukani zipo fupi, zipo ndefu, zipo wanazoziita za mchele. Mimi mchele naujua na nazi. Ukingo mmoja umepakwa gundi ya mgunga, na gundi hiyo nyingi hutoka Sudan. Utomvu umechuruzika kwenye jua kali la huko, ukavuka bahari, ukaja kukutana na ulimi wangu uliokauka kwa baridi. Nikilamba sana karatasi inakuwa uji. Nikilamba kidogo inafunguka mdomoni, majani yote kifuani, na sweta ni la kuazima.

Basi nikanunua koni, sita kwa paketi, kichungi kimeshatiwa chini. Koni si kitu kigeni kwangu. Muuza karanga wa mtaani kwetu alikuwa akichana ukurasa wa daftari la hesabu, anauzungusha kidoleni mara moja, anapinda ncha, tayari. Unakula karanga huku unasoma makosa ya mwenzio kwa wino mwekundu. Lakini mzee yule hakuwahi kuniuzia koni tupu. Huku nimelipia hewa.

Kuijaza nako ni kazi. Unapewa kijiti cha kushindilia, unaonekana kama mwindaji na gobore lake. Ukishindilia sana haivutiki: unanyonya mpaka mashavu yanakutana. Ukilegeza, panabaki pengo katikati, moto ukifika pale unakimbilia upande mmoja na kuacha upande wa pili mzima kama ulivyo. Vijana wa huku hali hiyo wanaiita mtumbwi. Nimepanda ndege mbili nikidhani mitumbwi nimeiacha Tanga.

Halafu tuliweke sawa hili la jina. Kwetu hata polisi wakikamata wanatangaza "misokoto". Neno lenyewe linadai mtu awe amesokota. Hii koni kasokota nani? Mashine, au mtu nisiyemjua aliye mbali huko. Mimi nimejaza tu, kama ninavyojaza fomu. Nilimwambia mpwa wangu tuiite mjazo. Akaniambia niwashe, anasikia baridi.

Mama watoto, ambaye moshi haugusi, alichoka kusikia kelele. Akatoka na kanga juu ya koti, akachukua karatasi moja, akaikunja pembeni kama anakunja manda ya sambusa, akatia majani, akalamba mara moja, akaenda zake jikoni. Dakika haikutimia. Ikaungua taratibu, pande zote sawa, kama udi.

Nikamfuata kumwomba ya pili. Akasema yeye hakuolewa aje kuwa kiwanda.

Kwa hiyo ni koni, kwa shingo upande. Kile kijitabu cha karatasi 32 kimebakiwa na 21. Msomaji uliye Toronto, uliyetimiza miaka 19 kama sheria ya Ontario inavyotaka, na mwenye vidole vinavyosikia, njoo uzichukue. Hazijalambwa.