Sifa za Takataka ya Kinyozi

Wengine wasifu dhahabu, wengine kahawa ya Mbinga. Mimi nausifu uchafu unaofagiwa chini ya kiti cha kinyozi pale Bombambili, Songea. Unywele ukiwa kichwani hupakwa mafuta na kuchanwa kwa upole. Ukianguka tu, hauna ndugu. Ukionekana kwenye ugali, mpishi atasemwa wiki nzima. Ukiziba bomba la bafuni, fundi hulipwa autoe. Ukichomwa, salfa iliyomo ndani yake huwafanya majirani wazibe pua.

Lakini hebu uvute. Unywele mmoja wenye afya hubeba hadi gramu 100 hivi kabla haujakatika, tena hauozi upesi kama yale majani makavu ambayo wazee waliyakanyaga pamoja na udongo wa kukandika. Plasta hupasuka inapokauka na kusinyaa. Nyuzi zilizotapakaa ndani yake huudaka ufa kabla haujakomaa. Waingereza walilijua hili kitambo: chokaa ya kuta zao ilitiwa nywele za ng'ombe na mbuzi. Sisi Songea tunazo za watu, bure, kila Jumamosi jioni, na tunazitupa jalalani kisha tunanung'unikia nyufa.

Wenye wivu watasema nywele hujikusanya mabonge. Kweli, fundi mvivu asiyezichambua atakupigia plasta yenye viota vya panya. Watasema pia saruji ni kali, na hapo nawapa haki yao. Dada wa saluni anajua kwamba dawa ya kulainisha ikipitiliza muda wake, nywele humkatikia mteja kichwani. Saruji mbichi nayo ina ukali wa ukoo huohuo. Basi shujaa wangu apewe udongo: ukuta wa jiko, kibaraza, banda la kuku. Nguzo za ghorofa tuziachie nondo. Na rasta za dukani zisijipendekeze, zile ni plastiki.

Ipo faida nyingine ambayo maabara haiwezi kuipima. Mtu akishanyolewa huangalia sakafuni kwa wasiwasi, asije mbaya wake akaziokota akazipeleka kwa mganga. Sasa zikishakandwa ukutani pamoja na za wanafunzi, za mzee wa Msamala na za vijana wa bodaboda, nani atazitambua? Anayezitaka aje usiku na nyundo, abomoe, halafu amweleze balozi wa nyumba kumi anatafuta nini.