Stabilaiza na Mama Mkwe

Mtaa wetu unaitwa Mountain View. Nimekaa hapa miaka 11 na mlima wenyewe sijauona kutoka dirishani kwangu. Ninachokiona ni mabati ya Kangemi ng'ambo ya Waiyaki Way na, kila asubuhi, foleni ya matatu. Njia mbaya kuliko zote ninazopita ni zile mita 200 za kutoka lami hadi getini, zenye mashimo manne ninayoyajua kwa sura. Haja ya kuifanya Suzuki Jimny yangu ijinyonganyonge kama paka ilitoka wapi, hata mke wangu bado anauliza.

Mimi lawama naitupia Rhino Charge. Mashindano hayo yalianza 1989 kuchangia uzio wa kuwalinda faru wa Aberdare. Uzio ulikamilika 2009, lakini magari hayajaacha kuparamia majabali. Kila gari hupewa saa 10 kupitia vituo 13 porini, na mshindi si mwenye mbio bali aliyekwenda umbali mfupi kuliko wenzake. Kwa hiyo ukikuta korongo hulizunguki, unatumbukia. Usiku mmoja nikatazama video: gurudumu moja la mbele limepanda jiwe hadi karibu na boneti, la pili linaning'inia shimoni, na dereva anakula ndizi. Nikalala nikiwa karani, nikaamka nikiwa mtu wa porini.

Fundi wangu hufanyia kazi chini ya mti. Aliingia uvunguni, akagonga chuma kimoja kirefu kwa spana.

"Bosi, adui yako ni huyu."

Adui alikuwa stabilaiza. Kazi yake ni kuyaunganisha magurudumu mawili ya mbele, moja likipanda limvute na mwenzake. Kwenye lami ni baraka, kwa sababu gari halilali kwenye kona. Kwenye mawe ni pingu.

"Tunaitoa," fundi akasema, "tunaweka springi zenye inchi 2 zaidi na shokapu ndefu. Hii gari itacheza!"

Neno "itacheza" lilipaswa kunishtua. Badala yake nilitoa Sh18,000. Shokapu zilitoka Kirinyaga Road, ambapo wazee bado hupaita Grogan, nazo zilikuwa za gari lingine kabisa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba matundu ni yale yale.

Jaribio tulilifanyia kwenye mtaro karibu na geti, watoto wa mtaa wakiwa mashahidi. Gurudumu la kushoto likapanda jiwe. La kulia likateremka mtaroni, likateremka, likazidi kuteremka. Nilikuwa nimeshainua simu nipige picha niliposikia mlio kama wa sufuria iliyoanguka jikoni usiku.

Springi ya mbele ya Jimny haishikiliwi sana na chochote. Inakaa kati ya kikombe cha juu na cha chini kwa sababu gari limeikalia. Shokapu ya kiwandani, kwa ufupi wake, huizuia ekseli isishuke kuupita urefu wa springi. Shokapu zangu hazikuzuia kitu. Springi ikachomoka, ikadunda mara moja, ikashika mteremko huku watoto wakiikimbilia na kuishangilia. Ilisimama kwa mama mboga, katikati ya sukuma wiki. Mama akaipangusa, akaigeuzageuza.

"Hii ni ya kitanda?"

Fundi akairudisha, akaifunga kwa waya "kwa muda", akaongeza na paipu ndefu ya breki, maana ile ya zamani ilikuwa imekazika kama uzi wa gitaa. Nikaingia Waiyaki Way kwa kujiamini. Hapo ndipo nilipojifunza habari ya uma wa baiskeli. Utazame: haukusimama wima, umelalia nyuma kidogo, na ndiyo maana kijana anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Ekseli ya mbele nayo imelazwa hivyo hivyo. Lakini imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye chesisi nyuma yake, na ukiinua gari mikono huinama, ekseli ikajipindua na ule mlalo ukapungua. Usukani haujinyooshi tena wenyewe. Kila basi lililonipita lilinipeleka lilikotaka.

Haya yote ningeyavumilia, lau si Jumapili ile.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, nikaenda kumchukua kanisani. Kwetu Magharibi, mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani. Lakini Jimny yangu ina milango miwili, na ni nani atakayemwambia mama mkwe akunje kiti na kupenya nyuma kama mzigo? Akakaa mbele, mkoba mapajani, macho barabarani. Tukaja vizuri, tukimzungumzia mchungaji, mpaka kwenye kona ya kushoto ya kuingia kwetu. Nilikata kona kama nilivyoikata miaka 11. Gari, bila stabilaiza, likalalia kulia taratibu kama ngalawa, na mama mkwe akaja nalo. Kofia yake ya kanisani ilitua begani kwangu ikatulia pale, kwa makadirio yangu, mwaka mzima.

Tulipofika getini alishuka bila kusema neno. Jioni simu ikalia kutoka nyumbani kijijini: wazee walikuwa wameketi, na wanataka kondoo.

Jumatatu fundi aliingia tena uvunguni, akakirudisha chuma kile kile, akakigonga kwa spana ile ile.

"Bosi, rafiki yako ni huyu."

Shokapu ndefu mbili na springi mbili ziko sebuleni chini ya meza, zimetumika siku 9, na springi moja bado ina rangi ya sukuma wiki. Mwenye korongo lake aje tuelewane. Bei inaanzia kwenye kondoo.